Kuimarisha na kukakamaza: chasisi ya gari mbele ya injini yenye nguvu zaidi

1. Mlango uliokataa kufungika

Makala haya yametokana na mlango wa gari. Mnamo mwaka 2014 jirani yetu mmoja hapa Lubumbashi, ambaye kazi yake ni kuleta samaki kutoka Kasenga, alichoshwa na udhaifu wa kamioneti yake. Injini ya petroli ilikuwa imechakaa, na kila mwinuko ulimlazimu kurudi gia ya pili. Akanunua injini ya dizeli iliyotolewa katika lori dogo, karibu mara mbili ya ile ya kwanza kwa ukubwa, akampa fundi aitie. Fundi hakuwa mjinga. Aliona mwenyewe kwamba chasisi ilitengenezwa kwa ajili ya injini nyingine, basi akachukua mabamba mawili ya chuma yenye unene wa milimita 8, akayachomelea ubavuni mwa boriti za chasisi, pale injini inapokaa. Gari likatoka garajini likinguruma, na mwenyewe akafurahi.

Baada ya miezi mitatu mlango wa dereva ulianza kukwama. Fundi akalegeza bawaba, akazisogeza, mlango ukafungika. Juma lililofuata ukakwama tena, na safari hii ule wa abiria ukawa unafunguka wenyewe barabarani. Ndipo mtu mmoja alipolala chini ya gari na tochi yake, akauona ufa. Haukuwa penye bamba. Ulianzia pale pale bamba lilipoishia, chini ya miguu ya dereva, ukapanda boriti hadi zaidi ya nusu ya kimo chake. Kamioneti hiyo ilikuwa imerudi kutoka Kasenga siku moja tu kabla, imejaa samaki, na wanawake wanne wachuuzi wamekaa juu ya mizigo.

Tumekisimulia kisa hiki kwa kuwa kosa la fundi halikuwa uvivu wala ubahili. Alitumia chuma kingi, na alichomelea vizuri. Kosa lilikuwa katika swali alilojiuliza, yaani: nifanye nini ili chuma hiki kisivunjike? Tunakusudia kuonyesha kwamba mbele ya injini yenye nguvu zaidi swali la kwanza ni jingine: nifanye nini ili chuma hiki kisisokoteke? Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura, lakini majibu yake hayafanani hata kidogo.

2. Uimara na ukakamavu

Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, msomaji atatuwia radhi tukianza na maneno. Chasisi ni neno la Kifaransa lililotokana na châsse, yaani kasha, ambalo nalo lina asili yake katika Kilatini, capsa. Waswahili wa pwani walilipata kupitia Kiingereza. Sisi tulilichukua kwa Wafaransa na Wabelgiji wenyewe, na ndiyo maana matamshi yetu hayalingani na yao. Katika Kifaransa neno hilo hilo hutaja pia fremu ya dirisha, na mfano huo unafaa sana. Fremu ya dirisha isiyo na kioo, ukiishika kona mbili zinazoelekeana na kuipotosha, hukubali. Ikishatiwa kioo na kubanwa hukataa. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni umbo la kitu kizima.

Neno zito zaidi ni kitenzi chenyewe. Kila mtu husema “kuimarisha chasisi”, na kuimarisha ni kukifanya kitu kiwe imara, kidumu, kisivunjike. Lakini Kiswahili kina neno jingine ambalo mafundi wetu hawalitumii, nalo ni ukakamavu. Tumezoea kulisikia katika sifa za askari au za kijana shupavu, na tunasahau maana yake ya mwilini: ngozi mbichi ikianikwa juani hukakamaa, mkono uliofungwa muda mrefu hukakamaa. Kilichokakamaa hakipindi na hakisokoteki kwa urahisi. Kamba ya nailoni ni imara sana, lakini haina ukakamavu wowote. Kipande cha chaki kina ukakamavu, lakini kikianguka sakafuni huvunjika. Katika makala haya tutatumia uimara kwa maana ya uwezo wa kutovunjika, na ukakamavu kwa maana ya uwezo wa kutobadilika umbo. Atakayeona neno jingine linafaa zaidi na alipendekeze.

Tofauti hiyo ina matokeo ya fedha. Mtu akienda kununua chuma cha daraja la juu, kile ghali, anapata uimara mkubwa zaidi, pengine mara mbili au mara tatu. Ukakamavu haupati. Vyuma vyote vya pua, vya bei rahisi na vya bei ghali, hunyumbuka kwa kiasi kile kile karibu kabisa vinapovutwa kwa nguvu ile ile kabla ya kufikia kikomo chao. Anayetaka chasisi isiyosokoteka hawezi kuununua ukakamavu huo dukani. Ataupata katika umbo.

3. Injini inaifanyia nini chasisi

Chasisi ya kawaida ya kamioneti, ya jipu au ya lori ni kama ngazi iliyolazwa chini: boriti mbili ndefu zinazokwenda mbele na nyuma, na kati yake boriti fupi zilizokingama. Juu yake hukaa injini, sanduku la gia, chumba cha dereva na mzigo; chini yake huning'inia springi na magurudumu. Uzito wa vyote hivyo huipinda ngazi kuelekea chini katikati. Huo ndio mzigo ambao kila mtu anauona, na ndio ambao fundi wetu aliuwazia.

Mzigo wa pili hauonekani gari likiwa limesimama. Gurudumu la mbele la kushoto likiingia shimoni, na la nyuma la kulia likipanda jiwe, ngazi haipindwi bali inasokotwa, kama mtu anavyokamua nguo iliyofuliwa. Barabara zetu hufanya hivyo mchana kutwa. Injini inaongeza msokoto wa aina yake. Inapozungusha shafti upande mmoja, yenyewe hutaka kujizungusha upande wa pili, na kinachoizuia ni vishikizo vyake vilivyofungwa juu ya chasisi. Sanduku la gia huzidisha nguvu hiyo. Tuchukue injini yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 420, na gia ya kwanza yenye uwiano wa 2.5 kwa 1: vishikizo vinapokea zaidi ya nyutoni mita 1000. Ni sawa na watu wawili wazima, kila mmoja wa kilo 50, kuning'inia kwenye ncha ya nondo yenye urefu wa mita moja iliyochomelewa kwenye chasisi. Dereva akiachia klachi kwa ghafla, watu hao hawaning'inii tu, wanarukia. Atazame mtu gari lenye injini kubwa likiondoka kwa kasi: bega moja la mbele huinuka kuliko jingine. Kinachopitisha msokoto huo kutoka mbele hadi nyuma ni chasisi peke yake.

Lakini kwa nini kusokoteka kuwe ni hatari, ikiwa hakuna kinachovunjika? Kwanza, kila sehemu ya springi, ya usukani na ya ekseli imefungwa mahali maalumu, na mhandisi aliyepanga pembe za magurudumu alidhani mahali hapo hapatahama. Chasisi ikisokoteka pembe hizo hubadilika katikati ya kona, wakati ambapo dereva anahitaji zisibadilike. Chasisi laini ni springi ya tano ambayo haikuchorwa na mtu na haina shokabsoba ya kuituliza. Gari la namna hiyo hugeuka kwa kuchelewa, kisha hugeuka kupita kiasi. Kwa injini ndogo na mwendo wa kilomita 60 kwa saa dereva huzoea. Kwa injini kubwa hapati muda wa kuzoea. Pili, chuma kinachosokotwa na kurudishwa mara laki kadhaa huchoka, hata kama hakuna mara moja iliyokuwa na nguvu ya kukivunja. Ufa wa kamioneti ya jirani yetu ulikuwa wa kuchoka. Ndiyo maana ulihitaji miezi mitatu.

4. Sanduku la viatu

Msomaji achukue sanduku la viatu la karatasi ngumu, atoe kifuniko, alishike kwa mikono miwili kwenye ncha zake, alisokote. Litasokoteka kama kitambaa. Kisha arudishe kifuniko na kukibandika kwa gundi kuzunguka kingo zote, ajaribu tena. Atashangaa. Karatasi iliyoongezwa ni kidogo, na sanduku limekuwa kama la mbao. Akikata upande mmoja wa gundi tu, ulaini unarudi.

Boriti nyingi za chasisi zina umbo la mfereji: ubavu mmoja uliosimama, na kingo mbili, moja juu na moja chini, zinazoelekea ndani. Umbo hilo ni wazi upande mmoja, kama sanduku lisilo na kifuniko. Tukokotoe mfano. Boriti yenye ubavu wa milimita 150, kingo za milimita 60 kila moja, na unene wa milimita 5 kote. Tukiifunga upande wake ulio wazi kwa bamba la milimita 5, tunaongeza zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake. Ukakamavu wake dhidi ya kupinda kuelekea chini huongezeka kwa karibu asilimia 30, jambo ambalo halistahili hata kutangazwa. Ukakamavu wake dhidi ya kusokoteka huongezeka zaidi ya mara 300. Hesabu hiyo ni ya boriti moja peke yake. Chasisi nzima haipati faida yote, kwa sababu viungo na boriti zilizokingama nazo zina ulaini wake. Hata hivyo hakuna kazi nyingine garajini inayorudisha kiasi hicho kwa chuma kidogo hivyo.

Sasa tulitazame bamba la fundi wetu. Lilikuwa nene, milimita 8, lakini lilibandikwa juu ya ubavu, mahali ambapo chuma kilikuwapo tayari. Sanduku lilibaki wazi. Aliongeza unene wa upande mmoja wa sanduku la viatu na kusahau kifuniko.

5. Kisa cha AC Ace

Historia ya magari inao mfano mmoja ambao unaeleza jambo hili vizuri kuliko hesabu. Kampuni ndogo ya Uingereza, AC Cars, ya Thames Ditton karibu na London, ilionyesha mwaka 1953 gari la wazi la viti viwili lililoitwa Ace. Chasisi yake ilichorwa na John Tojeiro: mabomba mawili makubwa ya chuma, yenye kipenyo cha inchi 3, yakikwenda sambamba mbele hadi nyuma, na springi za bapa zilizolazwa kukingama. Injini iliyolipa sifa ilikuwa ya Bristol, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 2, iliyokuwa ikitoa nguvu za farasi zipatazo 125. Kwa injini hiyo mabomba yalitosha.

Mwaka 1961 Bristol iliacha kutengeneza injini hiyo. Mwaka huo huo Mmarekani Carroll Shelby, dereva wa mashindano aliyelazimika kustaafu kwa ugonjwa wa moyo, aliiandikia AC kuuliza kama wangekubali kuitia Ace injini ya Kimarekani yenye silinda 8. Ford ilikuwa na injini mpya ya aina hiyo, nyepesi kwa kimo chake. Chasisi ya kwanza ilisafirishwa hadi California mwezi wa Februari 1962, na Shelby na wenzake waliitia injini ya lita 4.2 kwa saa chache tu. Gari hilo likaitwa Cobra.

Inafaa kutazama Waingereza walibadilisha nini kwanza. Mbele karibu hawakugusa kitu isipokuwa kisanduku cha usukani, ambacho kilisogezwa nje kupisha upana wa injini. Badiliko kubwa lilikuwa nyuma: difrensha ya zamani iliondolewa, ikawekwa ile ya Salisbury ambayo Jaguar ilikuwa ikiitumia katika E-Type. Sababu yake ni hesabu ile ile tuliyoifanya juu, ikiendelezwa hatua moja. Katika Ace difrensha haikuwa sehemu ya ekseli nzima inayopanda na kushuka. Ilifungwa juu ya chasisi yenyewe. Kwa hiyo nguvu inayoyazungusha magurudumu, ambayo difrensha imekwisha kuizidisha mara tatu au zaidi, ilirudi yote juu ya chuma kilichoishika. Anayetia injini mpya na kuangalia mbele tu, palipo na injini, anasahau kwamba nguvu huishia nyuma.

Baadaye ikaja injini ya lita 4.7, yenye nguvu za farasi 271, na Cobra ikashinda mashindano mengi Marekani. Mabomba yalikuwa bado ya inchi 3. Katika viwanja vifupi gari lilikuwa na kasi ya kutisha. Katika Ulaya, kwenye barabara ndefu zilizonyooka, Ferrari ziliiacha kwa sababu umbo lake la wazi lilipambana na upepo. Shelby akamwachia kijana Peter Brock achore gari lililofunikwa. Brock, ili kupata mahali pa kushikiza bodi mpya, alijenga juu ya chasisi ile ile mtandao wa mabomba membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu. Pembetatu ni umbo lisilokubali kupotoshwa bila upande wake mmoja kurefuka au kufupika, tofauti na mraba. Mtandao huo, uliokusudiwa pia kushika bodi, ukaikakamaza chasisi. Gari hilo, lililoitwa Daytona Coupe, lilitengenezwa 6 tu. Mwezi wa Juni 1964 moja lilimaliza la 4 katika saa 24 za Le Mans, na la kwanza katika kundi la GT. Mwaka 1965 yakaleta ubingwa wa kimataifa wa GT.

Wakati huo huo njia ya pili ilikuwa ikijaribiwa: injini kubwa zaidi. Mwezi wa Machi 1964 huko Sebring, Florida, Ken Miles alileta Cobra iliyotiwa injini ya Ford ya lita 7 juu ya chasisi ya zamani yenye springi za bapa. Katika mazoezi aligonga mti wa jamii ya mitende. Gari likatengenezwa usiku, likaanza mashindano, halikumaliza. Ilikuwa dhahiri kwamba chasisi ya Tojeiro, iliyochorwa kwa ajili ya injini ya lita 2, imefika mwisho wake. Kwa gari la mwaka 1965 AC na Ford walichora upya: mabomba ya inchi 4 badala ya 3, na springi za koili badala ya zile za bapa, ambazo mpangilio wake mhandisi wa Ford, Klaus Arning, aliutafuta kwa msaada wa kompyuta. Injini mpya ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 425 na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 650 hivi.

Inchi moja ya ziada inaonekana ndogo. Lakini bomba likiwa na unene ule ule wa ukuta, ukakamavu wake dhidi ya msokoto hukua kwa mujibu wa mchemraba wa kipenyo. Kutoka 3 hadi 4 uzito huongezeka kwa theluthi moja, na ukakamavu huwa mara 2.37. Mtu ambaye angebaki na bomba la inchi 3 na kuongeza unene wa ukuta kwa theluthi moja angelipa uzito ule ule na kupata kiasi cha theluthi moja tu. Tena tunarudi kwenye umbo.

Jambo la ajabu ni kwamba chasisi hii mpya haikupata nafasi ya kugombea ubingwa wa GT mwaka huo. Sheria zilitaka magari 100 yawe yamekamilika kabla ya ukaguzi, na hayakukamilika. Ubingwa wa 1965 ulichukuliwa na zile Daytona 6, zenye mabomba ya inchi 3 na pembetatu za Brock juu yake.

6. Mambo ya garajini

Msomaji mwenye gari lisilo na chasisi ya ngazi, yaani magari mengi madogo ya leo ambayo bodi yake ndiyo chasisi, atambue kwamba kanuni ni ile ile ingawa mahali ni pengine: vizingiti vya chini ya milango ndivyo boriti zake, na paa ndiyo kifuniko cha sanduku. Vizingiti vikioza kwa kutu, injini kubwa haina pa kushikilia. Hatutaingia zaidi huko.

Kwa chasisi ya ngazi, kufunga mfereji kuwa sanduku kuanzia mbele ya vishikizo vya injini hadi nyuma ya chumba cha dereva ni kazi yenye faida kuliko nyingine. Bamba la milimita 3 mara nyingi latosha. Ncha zake zisikatwe mraba. Zikatwe kwa mshazari mrefu, kama ulimi, ili ukakamavu upungue polepole. Kwani ufa hupenda mahali ambapo chuma kigumu kinakutana ghafla na chuma laini, na ndipo ulipozaliwa ule wa kamioneti. Kuchomelea kwenda sambamba na boriti kunakubalika. Kuchomelea kukingama juu ya kingo zake, hasa ile ya chini ambayo daima inavutwa, ni kuuchora ufa kwa mkono wako mwenyewe.

Tundu nalo ni jambo. Tundu la mviringo katika bamba linalovutwa huufanya mkazo wa pembeni mwake kuwa mara 3 ya ule wa mahali pengine, liwe kubwa au dogo. Kwa hiyo matundu ya bolti yatobolewe katikati ya ubavu, ambapo mkazo wa kupinda unakaribia sifuri, wala si kwenye kingo. Viwanda vya malori vimelipiga marufuku jambo hilo katika vitabu vyao vya maelekezo, na vina haki. Malori makubwa yana tatizo lake pia: chasisi zake nyingi ni za chuma kilichotiwa ugumu kwa moto, na joto la kuchomelea huuondoa ugumu huo; zaidi ya hayo, zimechorwa makusudi zisokoteke kidogo ili magurudumu yote yaguse ardhi. Atakayeifunga chasisi ya namna hiyo kuwa sanduku sehemu moja atauhamishia msokoto wote sehemu iliyobaki wazi.

Sanduku lililofungwa hunasa maji. Lipakwe mafuta mazito au nta ndani, la sivyo kutu itakula mahali pasipoonekana. Na kabla ya umeme wa kuchomelea kugusa gari la leo, waya za betri zifunguliwe, kwani kompyuta yake ni ghali.

Breki hazimo katika chasisi, lakini hatuwezi kuzinyamazia. Gari linalokwenda kilomita 140 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu maradufu ya lile linalokwenda 100, na nguvu hiyo yote breki zinapaswa kuimeza.

7. Kipimo

Ukakamavu unaweza kupimwa bila mashine. Chasisi hushikiliwa kwa nguvu nyuma, penye springi. Mbele huegemezwa katikati juu ya kigingi kimoja, na nondo ndefu hufungwa kukingama juu yake. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya nondo, mita 1 kutoka katikati, anatia msokoto wa karibu nyutoni mita 690. Ncha ya nondo, kwa umbali huo huo, ikishuka milimita 17 na nusu, chasisi imesokoteka digrii 1. Kipimo kifanywe kabla ya kazi na baada ya kazi. Kama namba haikubadilika, kilichoongezwa ni uzito.

Fundi wa pili, aliyeipokea kamioneti ya jirani yetu, hakuwa na nondo wala kigingi. Aliinua gurudumu moja la mbele kwa jeki na kuweka kidole kwenye mwanya wa mlango. Ulipoanza kumbana kidole, akasema amekwisha kuona. Aling'oa mabamba ya milimita 8, akatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, akaupanua ufa wenyewe kwa msasa wa umeme na kuuchomelea, kisha akafunga boriti zote mbili kwa bamba jembamba na kuongeza bomba moja lililokingama nyuma ya sanduku la gia. Kazi ilichukua siku tisa. Jirani yetu alilipa, lakini alinung'unika sana juu ya yale mabamba mazito, ambayo alikuwa ameyanunua kwa fedha zake na sasa yalikuwa yamelala ukutani.